Ukibadilisha miwani kila mara, huenda tatizo si miwani

Siku moja nilipanda matatu ya 45 nikidhani ni 44. Kama unaishi Zimmerman, unajua hilo si kosa dogo saa mbili usiku mvua ikinyesha. Tulipopita Roysambu bila kukata kona, nikamuuliza konda tunaenda wapi. Akaniangalia juu chini. "Boss, si imeandikwa hapo mbele? Kwani huoni?"

Kuona nilikuwa naona. Shida ni kwamba nilikuwa naona vingi kupita kiasi. Kila nambari ilikuwa na kivuli kinachoning'inia chini yake. Taa za magari zilikuwa na mikia mirefu. Mwezi angani ni mmoja, lakini mimi niliuona kama mitatu imepandana.

Nilikuwa na miaka 20, na miwani niliyovaa usiku huo ilikuwa ya tatu ndani ya mwaka mmoja na nusu.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mathe alisema ni simu. Shosho akasema nile karoti. Mhadhiri mmoja alidhani ni pombe, kwa vile nilikuwa nafika darasani asubuhi macho mekundu. Wasee wa mtaa wakasema siku hizi naringa, kwa sababu nilikuwa nawapita barabarani bila salamu. Na kule duka la miwani, kila nilipoenda walinipima, wakabadilisha nambari, wakachukua pesa, wakanipa kijaluba kipya. Hakuna aliyejiuliza swali rahisi tu: mbona macho ya huyu kijana yanabadilika haraka hivi?

Ndiyo sababu nakuandikia leo. Kuna ugonjwa wa macho unaowapata watu wa rika letu hasa, unaanza kimyakimya, na una tiba inayoweza kuusimamisha. Lakini tiba hiyo ina tarehe ya mwisho. Ukichelewa, unaweza kuikosa. Mimi jicho moja niliwahi, lingine nikachelewa. Kwa hivyo nisikilize kidogo.

Koni ndani ya jicho

Jina lake ni keratokonasi. Usiogope jina. Simama mbele ya kioo uangalie jicho lako kutoka upande. Utaona sehemu ya mbele, juu ya ile duara nyeusi, imefunikwa na kitu kama kioo cha saa. Hicho ndicho konea. Unene wake katikati ni kama nusu milimita tu, na hakina mishipa ya damu, ndiyo maana mwanga unapita. Kimejengwa kwa nyuzi nyembamba za kolajeni zilizopangwa kwa ustadi, tabaka juu ya tabaka, na nyuzi hizo zimefungwa pamoja ili konea ibaki na umbo lake la mviringo.

Mwenye keratokonasi, ile mifungo kati ya nyuzi ni dhaifu. Konea inakuwa nyembamba, inalegea, na polepole inasukumwa mbele mpaka inafanana na koni. Mwanga ukiingia hapo haukusanyiki mahali pamoja. Unatawanyika. Ndiyo unapata vivuli, mikia ya taa, herufi zenye pacha. Miwani ya kawaida inasaidia mwanzoni, lakini ugonjwa ukiendelea inashindwa, kwa sababu miwani inasahihisha jicho lenye umbo la kueleweka. Jicho langu lilikuwa limekuwa kama kitako cha chupa ya soda.

Mara nyingi huanza katika umri wa kubalehe au miaka ya ishirini, huendelea kwa miaka kadhaa, kisha kwa wengi hupunguza kasi wanapokaribia miaka ya arobaini. Angalia hiyo hesabu vizuri. Ni miaka ya sekondari, ya chuo, ya kazi ya kwanza, ya kutafuta leseni ya udereva. Ni wakati ule ambao unahitaji macho kuliko wakati mwingine wowote.

Na inasababishwa na nini? Kuna kurithi, maana katika familia nyingine unapata zaidi ya mtu mmoja. Lakini kuna kitu kingine ambacho madaktari wanakitaja kila mara, na hicho kiko mikononi mwako kabisa: kufikicha macho. Kusugua. Ile raha ya kukandamiza jicho kwa viganja hadi unaona nyota.

Mimi nilikuwa bingwa wa kufikicha. Tangu utotoni macho yangu yalikuwa yakiwasha, hasa msimu wa kiangazi na vumbi. Watoto wengi wa huku wana aleji ya macho ya aina hiyo, macho yanakuwa mekundu na mazito, yanatoa utepe mweupe unaovutika. Nyumbani tulizoea tu. "Ni vumbi, atazoea." Kumbe kila nilipofikicha nilikuwa nakanda konea iliyokuwa tayari dhaifu.

Na hapa niseme jambo moja kwa sauti kubwa. Kuna matone ya macho yanayouzwa kwenye maduka ya dawa bila cheti cha daktari, yanayotuliza muwasho kwa dakika chache kama mchezo. Mengine yana steroidi ndani. Kwa wiki moja chini ya uangalizi wa daktari, sawa. Kwa miezi na miezi ukijinunulia mwenyewe, yanaweza kupandisha presha ya jicho na kukuachia glaukoma au mtoto wa jicho. Usitibu tatizo moja kwa kujinunulia lingine.

Vitamini na taa

Sasa twende kwenye tiba, kwa sababu hii sehemu mimi mwenyewe nilipoelezwa mara ya kwanza nilidhani daktari ananicheza.

Umewahi kusindikiza mtu saluni akitengeneza kucha za jeli? Fundi anapaka jeli laini, halafu mteja anaingiza vidole kwenye kile kijisanduku chenye taa ya zambarau. Baada ya muda mfupi jeli imekuwa ngumu kama plastiki. Mwanga umeamsha kemikali fulani ndani ya jeli, na kemikali hiyo imeshikanisha chembechembe zake. Daktari wa meno naye hufanya jambo kama hilo akiziba jino, akikuelekezea ile taa ya buluu mdomoni.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti katika mji wa Dresden, Ujerumani, walikuwa wakijaribu wazo la jamii hiyo kwenye konea. Waliokuwa mstari wa mbele ni Theo Seiler, Eberhard Spoerl na Gregor Wollensak. Mwaka wa 2003 walichapisha matokeo ya wagonjwa 22, macho 23, ambao keratokonasi yao ilikuwa inaendelea kuharibika. Katika macho yote waliyotibu, ugonjwa ulisimama. Tiba hiyo inaitwa krosilinki, yaani kuongeza mifungo kati ya nyuzi. Marekani iliidhinisha mwaka wa 2016, wakati ambapo ilikuwa tayari imetumika Ulaya kwa miaka mingi.

Dawa inayotumika ni riboflavini. Hiyo si kemikali ya kutisha. Ni vitamini B2, ile ile iliyo kwenye maziwa, mayai na maini. Rangi yake ni manjano. Kwa mtindo wa Dresden, daktari anakutia matone ya ganzi, kisha anaondoa ngozi nyembamba sana iliyo juu ya konea ili dawa iweze kupenya. Anakudondoshea riboflavini kwa nusu saa mpaka konea inywe vya kutosha. Halafu anawasha taa ya miale ya urujuanimno, yenye urefu wa mawimbi wa karibu nanomita 370, nguvu yake milliwati 3 kwa kila sentimita mraba, kwa nusu saa nyingine. Riboflavini inapopigwa na miale hiyo inaamsha oksijeni iliyo ndani ya konea, na oksijeni hiyo inasababisha nyuzi za kolajeni na vitu vinavyozizunguka vishikane upya. Konea inakuwa ngumu zaidi. Haisukumwi tena mbele kirahisi.

Siku hizi kuna njia za haraka, ambapo taa inakuwa na nguvu zaidi na muda unakuwa mfupi, kwa mfano milliwati 9 kwa dakika 10. Ukipiga hesabu, jumla ya nishati ni ile ile. Kuna pia njia za kutibu bila kuondoa ile ngozi ya juu. Daktari wako ndiye atakayekwambia ipi inafaa jicho lako.

Kabla hujapata wazo: hapana, huwezi kunywa maziwa lita mbili halafu ukaangalia jua. Na tafadhali usipeleke uso kwenye taa ya kucha. Pale hospitalini miale inapimwa kwa makini, na hiyo riboflavini yenyewe inafanya kazi mbili. Inaamsha mifungo, na inanyonya miale ili isifike ndani kwenye lenzi na retina. Jua halina mtu wa kulipimia. Litakuunguza tu.

Lile jicho la kushoto

Sasa nikwambie kwa nini nasema tiba hii ina tarehe ya mwisho.

Asubuhi moja, muhula wa kwanza wa mwaka wa pili chuoni, niliamka jicho la kushoto likiuma na kila kitu kikiwa cheupe, kama vile mtu amenipaka maziwa ndani. Nilidhani ni usingizi. Nikafikicha, kama kawaida yangu. Kufikia saa nne nilikuwa siwezi kulifungua kwa sababu ya mwanga.

Hospitalini, daktari hakuchukua muda mrefu. Konea ilikuwa imenyooka mbele hadi utando wake wa ndani ukapasuka, na maji ya jicho yakaingia ndani ya konea. Ndiyo ule weupe. Baadaye maji yalikauka yenyewe kwa wiki kadhaa, lakini yakaacha kovu katikati kabisa, pale pale ninapoonea. Krosilinki haiondoi kovu. Jicho hilo sasa linangoja kupandikizwa konea ya mtu mwingine.

Daktari huyo ndiye wa kwanza kunifanyia kipimo cha ramani ya konea. Unaweka kidevu kwenye mashine, unatazama mwanga, na baada ya dakika chache unaona jicho lako limechorwa kwa rangi kama ramani ya milima kwenye kitabu cha jiografia. Buluu ni tambarare, nyekundu ni mlima. Jicho langu la kulia, lile nililokuwa naliita zima, lilikuwa na kilima chekundu chini kidogo ya katikati. Haliumi, halina weupe, bado linasoma. Lakini lilikuwa njia moja na mwenzake.

"Hili tunaweza kuliokoa," akasema, "lakini si mwaka ujao."

Kwa nini si mwaka ujao? Kwa sababu kwa mtindo wa kawaida konea inatakiwa iwe na unene wa angalau mikroni 400, yaani milimita 0.4, ili miale isifike kuharibu seli za ndani kabisa ambazo haziotei tena. Zipo mbinu za konea nyembamba kuliko hapo, lakini kadiri inavyozidi kuwa nyembamba ndivyo daktari anavyozidi kukosa nafasi. Langu la kulia lilikuwa na 440.

Bei niliyotajiwa ilizidi karo yangu ya mwaka mzima. Bima ya mathe, ambayo sitaitaja, ilisema hiyo ni sawa na upasuaji wa kuacha miwani, mambo ya urembo, hailipi. Tulipiga simu mara tatu. Mathe alikopa kwenye chama. Mjomba akatuma kitu kidogo. Bado hazikutosha. Zilizobaki zilikuwa pesa za karo ya muhula uliofuata, ziko kwenye simu, zinangoja kutumwa chuoni.

Tulikaa mezani usiku huo, mathe na mimi, tukiangalia ujumbe wa salio. Mathe akasema, "Chuo kitakuwepo. Jicho je?"

Ndivyo nilivyoacha chuo. Sitakudanganya kwamba ni jicho peke yake, maana hata alama zangu hazikuwa za kupigiwa makofi, na sijarudi hadi leo. Lakini ukiniuliza karo yangu ya mwaka wa pili ilienda wapi, iko hapa kwenye jicho la kulia, na ndilo ninalotumia kuandika haya.

Usidanganywe pia

Nisingependa umalize kusoma ukidhani hii ni miujiza. Krosilinki inasimamisha. Hairudishi. Kwa watu wengine konea hulainika umbo kidogo na kuona kukaimarika, lakini hilo ni bahati nzuri ya kushukuru, si ahadi. Baada ya tiba bado unaweza kuhitaji miwani, au zile lenzi ngumu za kuvaa jichoni ambazo zinaipa konea uso mpya ulio laini. Mimi navaa lenzi. Nambari za matatu nazisoma.

Inauma pia. Ganzi ikiisha, siku mbili tatu za kwanza ni noma. Nililala chumba chenye giza, pazia limefungwa, machozi yakitiririka kama nakata vitunguu vya harusi. Wanakuwekea lenzi laini ya kukinga jicho mpaka ngozi iote tena. Kuna hatari ya kuambukizwa, kuna ukungu unaoweza kukaa kwa miezi, na mara chache kovu. Ndiyo sababu matone ya antibiotiki hayaruki hata siku moja, na maji ya bomba hayafiki machoni.

Na si kila mwenye keratokonasi anaihitaji. Kama una miaka 45 na ramani zako za miaka mitano zinafanana, konea yako imetulia, huna cha kusimamisha. Kwa watu wazima, daktari mzuri huonyesha kwanza kwamba ugonjwa unaendelea, kwa kulinganisha ramani mbili za nyakati tofauti. Kwa watoto na vijana wadogo wengi hawangoji sana, kwa sababu kwao ugonjwa hukimbia. Kwa hivyo mtu akitaka kukuuzia krosilinki bila ramani hata moja, chukua mkoba wako uondoke. Tafuta daktari wa pili.

Nani alipe?

Najua utasema nchi hii ina shida kubwa zaidi. Kuna zahanati hazina hata panadol, wewe unaongelea miale ya urujuanimno. Ni hoja nzito na sitaipuuza.

Lakini piga hesabu pamoja nami. Tukikataa kulipia krosilinki, gharama haiondoki. Inasubiri mbele. Kijana yule yule atakuja baadaye akihitaji konea mpya. Konea haitoki kiwandani. Inatoka kwenye jicho la mtu aliyefariki, ambaye yeye mwenyewe au jamaa zake walikubali itolewe. Sheria ya Afya ya 2017 inaruhusu mtu kutoa viungo vyake baada ya kifo, lakini jiulize ni matanga mangapi umehudhuria ambapo hilo lilitajwa. Kwetu hata kulisema ni kama kumwita mkosi. Na ukibahatika kupata, upandikizaji unahitaji chumba cha upasuaji, mtaalamu, nyuzi, matone ya muda mrefu, kliniki za mara kwa mara, na hofu ya mwili kuikataa konea ya mgeni. Watafiti nchini Norway na Uholanzi waliona idadi ya wanaopandikizwa konea kwa sababu ya keratokonasi ikishuka baada ya krosilinki kuanza kutolewa. Yaani nusu saa chini ya taa inaweza kukuepusha na hiyo safari yote.

Kuna hesabu nyingine isiyoandikwa kwenye risiti za hospitali. Msee wa bodaboda ambaye usiku haoni shimo. Fundi wa simu asiyeweza tena kuchomelea. Msichana anayekaa nyuma ya darasa akinakili kutoka kwa jirani kwa sababu ubao umejaa vivuli, na mwalimu ameandika kwenye ripoti "mvivu". Hao wote hawahesabiwi popote.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, inakata asilimia 2.75 ya mshahara wa kila aliyeajiriwa. Kijana ambaye ramani zake zinaonyesha konea inaharibika anapaswa kulipiwa kusimamisha ugonjwa huo, waziwazi, bila kubembeleza wala kupiga simu mara tatu. Kampuni za bima za binafsi nazo ziache kuchanganya mambo. Upasuaji wa kuacha miwani unaondoa sehemu ya konea ili upendeze bila fremu. Krosilinki inaiimarisha konea ili usipoteze jicho. Ni kama kusema kuziba jino lililooza ni sawa na kulitia dhahabu.

Serikali za kaunti zisiseme ni lazima kwanza wajenge jumba la upasuaji. Daktari Farhad Hafezi wa Zurich, Uswisi, na wenzake wameonyesha kuwa tiba hii inaweza kufanyika mgonjwa akiwa ameketi, kwa taa ndogo inayofungwa kwenye ile darubini ya kawaida ya kliniki ya macho. Kinachokosekana mara nyingi ni ile mashine ya kuchora ramani, na mtu wa kukwambia uende ukachorwe.

Na hapo ndipo nawageukia wenye maduka ya miwani, maana nyinyi ndio mnaotuona kwanza. Hatuombi mtutibu. Kijana wa miaka 17 akirudi mara ya pili ndani ya mwaka nambari zikiwa zimeruka, hasa ile ya astigmatizimu, na bado haoni vizuri hata kwa lenzi bora mliyo nayo, msimuuzie fremu nyingine. Mwandikieni karatasi aende kwa daktari wa macho. Sentensi moja tu. Mimi ningepewa hiyo sentensi kwenye miwani ya pili, pengine leo ningekuwa na macho mawili.

Na wewe je?

Sikuachi hivyo. Kuna mambo unayoweza kufanya bila senti moja.

Leo usiku toka nje, au simama dirishani. Funika jicho la kushoto, tazama taa ya barabarani iliyo mbali. Halafu badilisha, funika la kulia. Usikunje uso. Jicho moja likionyesha taa moja safi na lingine likionyesha mikia, vivuli au taa tatu zimepandana, hiyo si habari ya kuahirisha. Watu wengi hawajui kuwa jicho moja limeharibika kwa sababu lile zima linafanya kazi ya mawili. Mimi nilikuwa hivyo. Kama unavaa miwani, fanya jaribio ukiwa umeivaa. Jaribio hili halikwambii una ugonjwa gani. Linakwambia tu uende ukapimwe.

Ukienda, usiombe miwani. Omba ramani ya konea. Sema maneno hayo hayo. Sema pia kama kuna mtu kwenu mwenye ugonjwa huu, na sema ukweli kuhusu kufikicha. Hifadhi nakala ya kila ramani, hata kwa kupiga picha na simu, kwa sababu ya mwaka ujao italinganishwa na hiyo.

Na acha kufikicha. Najua ni ngumu. Muwasho ukija, weka kitambaa kilicholowa maji baridi juu ya kope ulizofumba. Ukizidi, tafuta matibabu ya aleji yenyewe. Usilale kifudifudi uso umebanwa kwenye mto au ngumi.

Dada yangu mdogo yuko sekondari. Likizo ya Agosti nilimkuta sebuleni akiangalia filamu huku anasugua jicho kwa kifundo cha mkono, kwa mzunguko ule ule niliokuwa nao mimi. Nilimshika mkono. Akakasirika, akadhani namchokoza. Wiki hiyo hiyo tulimpeleka akachorwe. Kijilima kipo, kidogo, rangi ya manjano tu, bado hakijawa chekundu. Konea yake ni nene ya kutosha. Atarudi baada ya miezi mitatu, na kama ramani itakuwa imebadilika, atalala chini ya ile taa.

Safari hii mathe ameanza kuweka pesa mapema. Hakuna karo itakayoguswa.